Buda si Tusi, wala Halikutoka kwa Buddha

Mwaka jana nilimpelekea mhariri mmoja hadithi fupi. Ndani yake kijana anampigia dadake simu saa kumi usiku na kumwambia, "Buda ametuacha." Hadithi ilirudi imesahihishwa: "Baba ameaga dunia." Pembeni palikuwa na maelezo kwamba hiyo ni lugha ya wahuni, na wazazi waheshimiwe.

Nilinyamaza. Leo nasema.

Tuanze na asili, maana hapo ndipo uongo mwingi hupikwa. Kuna wanaodai kwamba buda limetokana na Buddha, yule mwalimu wa kale wa Bara Hindi, eti kwa sababu sanamu zake nyingine zina kitambi na zimekaa kama mzee aliyeshiba. Inachekesha, lakini si kweli. Jina Buddha lina mzizi wa Kisanskriti wenye maana ya kuamka na kutambua. Buda letu lina ukoo mwingine kabisa: Kihindi na Kipunjabi vina neno budha, yaani mtu mzee, ambalo linahusishwa na vriddha ya Kisanskriti, aliyekua, aliyekomaa. Yanafanana sura tu, kama kaa la moto na kaa wa baharini.

Na halikuja kwa upepo. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa Victoria mwaka 1901, na kwa kazi hiyo waliletwa vibarua zaidi ya 30,000 kutoka Bara Hindi, wengi wao Wapunjabi. Walio wengi walirudi kwao, wengine wakabaki, na wengine wakaja baadaye kufungua maduka na gereji. Watu wakifanya kazi pamoja, maneno huvuka. Ndivyo tulivyopata gari, bima, hundi, gundi na chapati. Sijasikia mwalimu akimchapa mtoto kwa kusema gundi.

Sasa tafsiri budha kwa Kiswahili chako sanifu. Utapata nini? Mzee. Lile lile tulilomvika Jomo Kenyatta kama taji, lile lile mtu mzima analotumia akisema, "Mzee yuko shambani," akimaanisha babake. Maana ni ile ile, njia ya kufika kwa baba ni ile ile. Tofauti ni kwamba mzee linasemwa na waheshimiwa, na buda linasemwa Eastlands. Kwa hiyo tusidanganyane: anayelikataa buda halikatai neno, anawakataa wenye neno.

Najua nitaambiwa kwamba limechuja. Siku hizi makanga anamwita abiria buda, na vijana wa rika moja wanaitana buda. Ni kweli. Lakini nenda Dar es Salaam usikie kijana wa miaka ishirini akimwita mwenzake "mzee baba." Mbona mzee halijafukuzwa kwenye kamusi? Neno likipendwa huzurura. Hiyo ni afya, si ugonjwa.

Nitaambiwa pia kwamba baba ndilo neno letu safi. Zuri sana. Ila Mzulu analo, Mshona analo, Mturuki analo na Mwajemi analo. Mwanaisimu Roman Jakobson alilieleza jambo hili katika makala yake ya mwaka 1960: sauti za midomo ni miongoni mwa zile za kwanza kwa mtoto mchanga, na wazazi ndio wanaozipa maana. Yaani neno tunalolilinda kwa bunduki lilizaliwa kwenye kinywa chenye udenda.

Sisemi kila mtu amwite babake buda usoni. Kuna nyumba ukisema hivyo utaokota meno. Lakini fasihi si darasa la adabu za mezani. Mtoto yule yule huandika baba kwenye fomu ya shule, husema mzee mbele ya wajomba, na buda akiwa na dadake jikoni. Hayo ni maneno matatu ya umbali tofauti. Watanzania nao wana dingi na mshua, kila moja na joto lake. Mhariri anayeyageuza yote kuwa baba hajasafisha lugha. Ameua wahusika wawili na kumwacha mmoja, yule wa kwenye fomu.

Waliosema mashairi ya Kezilahabi katika Kichomi, mwaka 1974, si mashairi kwa kukosa vina na mizani, nao walidhani wanailinda lugha. Leo Kichomi kinafunzwa vyuoni.

Marehemu babangu alikuwa fundi wa magari Grogan, mikono myeusi kwa oili hadi Jumapili. Nilipompigia simu alipokea kwa kusema, "Sema buda." Yeye, mzazi, ananirudishia jina lake mwenyewe, kana kwamba amesogea kidogo kwenye benchi ili nami nikae. Hakuna siku nilihisi nimemkosea heshima.

"Baba ameaga dunia" ni tangazo la redio. Aliyekufa katika hadithi yangu alikuwa buda. Niliiondoa kwa yule mhariri, na sentensi ile iko pale pale.