Bati la Asili Kwanza

Ndege ya kivita iliyostaafu huharibika zaidi ikiwa imeegeshwa kuliko ikiwa inaruka. Alumini haishiki kutu nyekundu, lakini ikigusana na boliti ya chuma penye unyevu huliwa polepole na kutoa unga mweupe. Unga huo huvimba kati ya bati na bati mpaka vichwa vya ribiti vikatike, na mara nyingi rangi ya juu huwa bado nzima, hivyo anayeitazama kwa mbali hudhani haina neno.

Hayo ndiyo yaliyoikuta Memphis Belle, ndege ya mabomu aina ya B-17F ya Marekani. Mwezi Mei 1943, rubani Robert Morgan na wenzake walikamilisha safari 25 za mashambulizi juu ya Ulaya, wakati ambapo ndege nyingi zilikuwa zikiondoka Uingereza bila kurudi. Baadaye ilizungushwa miji ya Marekani kuhamasisha raia wanunue hatifungani za vita. Mwaka 1946 jiji la Memphis liliinunua kwa dola 350, ikawekwa nje kwa miongo mingi, ikinyeshewa na kuibiwa vifaa. Oktoba 2005 ilipelekwa Makumbusho ya Taifa ya Jeshi la Anga huko Dayton, Ohio, na baada ya kukarabatiwa ikazinduliwa tarehe 17 Mei 2018.

Mafundi walipoondoa rangi za baadaye, walikuta majina ya watu yaliyokwaruzwa kwenye bati. Kwa fundi wa kiwanda, mkwaruzo ni dosari ya kusuguliwa kwa msasa. Kwa makumbusho, ni ushahidi kwamba raia waliigusa ndege hii kwa mikono yao, na hakuna bati jipya, hata likatwe kwa ustadi gani, linaloweza kuurudisha.

Uingereza kuna mfano wa njia nyingine. Ndege ya mabomu Halifax W1048 ilishambulia meli ya kivita ya Kijerumani Tirpitz mwezi Aprili 1942, ikapigwa, ikatua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen nchini Norwei na kisha kuzama. Iliopolewa mwaka 1973, na katika Makumbusho ya RAF (Jeshi la Anga la Uingereza), London, sehemu yake kubwa imeachwa jinsi ilivyotoka majini. Haivutii macho kama Memphis Belle, lakini inasema kweli zaidi kuhusu vita.

Msimamo wa toleo hili ni kwamba kazi ya kwanza ya karakana ni kuzuia uharibifu usiendelee. Kung'arisha ni baadaye, na pengine kusiwepo kabisa. Pale ambapo boriti ya bawa imeliwa kiasi cha kuhatarisha watazamaji, ibadilishwe bila kusita. Kipande kipya kipigwe mhuri wa mwaka upande wa ndani, cha zamani kitunzwe ghalani, na picha za hatua zote ziingizwe kwenye daftari la ndege hiyo.