Tuchukue Kalamu, Tuuache Uma

Iko desturi mbaya iliyoingia kwetu Rufiji na Kibiti. Mtu aliyefika Uingereza, au aliyesimuliwa tu habari zake, hujiona amestaarabika kwa sababu anakula kwa uma, anafunga tai juani, na kunywa chai saa kumi kamili. Kisha humcheka mzee wake alaye wali kwa mkono na kulala katika dungu akilinda mpunga. Mimi nasema mtu huyo hakuiona Uingereza. Ameiona meza yao tu.

Maana na tuulize, mambo hayo ya mezani yametoka wapi? Mwingereza mmoja, jina lake Thomas Coryat, alisafiri mwaka 1608 hata akafika Italia. Huko aliwakuta watu wakishikilia nyama kwa uma, naye akaishika desturi ile. Aliporudi kwao alifanyiwa mzaha, kwa kuwa Waingereza wa siku zile walizoea kula kwa vidole. Habari za safari yake alizitia katika kitabu mwaka 1611. Na chai je? Tarehe 25 Septemba 1660 Samuel Pepys, mtumishi wa serikali wa London, aliandika katika daftari lake kwamba ameagiza kikombe cha chai, kinywaji cha China, ambacho hajapata kukinywa kabla ya siku ile. Kama Mwingereza hakuzaliwa na mambo hayo, kwa nini sisi tuyafanye mizani ya kumpimia mtu utu wake?

Tena, twajuaje habari hizi? Twazijua kwa sababu watu hao wawili hawakuona haya kuandika mambo madogo ya kila siku. Hiyo ndiyo desturi ya Waingereza ifaayo kuigwa.

Wako wenzetu waliokwisha kuiiga. Mwaka 1931 Martin Kayamba, karani wa serikali wa Tanga, alikwenda London pamoja na Mtemi Makwaia wa Usukuma na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge katika shauri la kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Naye hakurudi na maneno ya barazani tu. Mwaka 1932 kilipigwa chapa kitabu chake cha Kiswahili, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza. Mwafrika aliziandika habari za Waingereza. Je, sisi waalimu tumeandika nini katika habari za Warufiji?

Wengine watajibu, "Mambo yetu kila mtu anayajua; ya nini kuyaandika?" Hayajulikani tena na kila mtu. Baada ya gharika ya 1968 watu wengi wa bondeni walihamishiwa vijiji vya ujamaa huko juu. Tangu Desemba 2022 mto wenyewe umezuiwa kwa bwawa la Julius Nyerere. Na Aprili 2024 mafuriko yaliharibu mashamba ya Rufiji na Kibiti. Mto ukibadilika, ujuzi wake nao hupotea. Mzee ajuaye siku ya kupanda mlau katika tope, maji yakiisha kupungua. Ajuaye lini kule delta maji matamu huyashinda maji ya chumvi ya bamvua, hata shamba la mpunga likafaa. Huyo akifa bila kuandikwa, hakuna London wala Kibiti pa kumwuliza tena.

Wengine watasema kuandika ni kazi ya wenye elimu kubwa. Si kweli. Pepys alikuwa mtu wa ofisi, na Kayamba vivyo hivyo.

Basi, kila mwalimu na anunue daftari moja, aende kwa mzee mmoja, aandike jinsi dungu linavyojengwa: nguzo ngapi, miti gani, nani hulala humo na kwa miezi mingapi. Na mwenye uma na ale kwa uma wake. Ila asimcheke mzee kabla hajamwandika.