Safari Haitangazwi, Bali Hukabidhiwa

Hapa Mang'ola, penye mifereji iletayo maji ya chemchemi ya Qangdend katika mashamba ya vitunguu kando ya Ziwa Eyasi, hakuna gunia liondokalo bila ya habari zake kujulikana. Mwenye mzigo huhesabu lumbesa zake, hukata stakabadhi ya ushuru, huandika namba ya lori na jina la dereva, kisha usiku kucha hupiga simu kuuliza kama wamefika Karatu, kama wamepita Makuyuni, kama wamevuka Namanga. Wala halali usingizi mpaka dalali wa Nairobi amkirie kwa sauti yake kwamba mzigo umepokewa na hesabu imetimia. Hakuna amwambiaye kuwa kuulizia ni kukaribisha kijicho, wala kwamba kuandika namba ya lori kutalifanya lipinduke. Lakini binti wa mtu huyo huyo akipata kazi Maskati, au mwanawe akipata nafasi ya masomo katika nchi ya mbali, nyumba nzima huagizwa kunyamaza. Begi hufungwa usiku, safari huanza kabla ya jogoo kuwika, na mama mzazi, akiulizwa siku ya tatu, hujibu kwamba mtoto amekwenda Arusha kumsalimu shangazi yake. Mara nyingi hasemi uongo, kwa kuwa hata yeye hakuambiwa zaidi ya hayo. Gunia la vitunguu limepewa ithibati ambayo mwanadamu amenyimwa.

Itikadi iliyozaa kimya hiki ina maneno yake mafupi, nayo kila mtu ameyasikia: safari haitangazwi. Waishikao huleta hoja tatu. Ya kwanza ni husuda, kwamba jicho la hasidi likiiona neema kabla haijakamilika huiharibu. Ya pili ni fedheha, kwamba aliyekwisha kuagwa na kijiji kizima akanyimwa viza atatembea njiani ameinamisha kichwa. Ya tatu ni maombi, kwamba habari ikienea jamaa watakuja na orodha ya haja zao, huyu simu, yule ada ya shule, kabla msafiri hajapata hata mshahara wa kwanza. Sizidharau hoja hizi, maana zimetoka katika maisha ya watu wenye akili, na mimi nimekua nikizisikia kwa wazee niliowaheshimu na ninaowaheshimu hadi leo. Lakini nasema bila ya kigugumizi kwamba itikadi hii, kwa namna inavyofuatwa sasa, ni batili, na ubatili wake ni wa kuangamiza. Kwa kuwa imechanganya mambo mawili yasiyofanana hata kidogo, yaani kutangaza na kukabidhi. Kutangaza ni kupiga mbiu mnadani ili asikie mwema na mbaya. Kukabidhi ni kumketisha mtu mmoja au wawili uwaaminio, ukawawekea mikononi habari zako na nakala za hati zako, kama mtu awekavyo amana. La kwanza anayetaka aliache. La pili ni faradhi ya kila mwenye jamaa.

Wako wanaoitetea siri kwa dini, wakisema tumefundishwa kusitiri haja zetu mpaka zitimie. Mafundisho hayo ni mema mahali pake. Lakini dini hiyo hiyo ina adabu za msafiri, na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipozieleza katika kitabu chake cha Ihya, alimtaka msafiri kwanza arudishe dhuluma, alipe madeni, awawekee masurufu wale wanaomtegemea na azirejeshe amana alizokuwa nazo. Nani awezaye kulipa madeni, kurejesha amana na kuacha masurufu pasipo mtu kujua kwamba anaondoka? Na ndugu zetu Wakristo, ambao ni wengi katika nchi hii ya Karatu, wanasoma katika Matendo ya Mitume jinsi Paulo alivyowaita wazee wa Efeso, akawaambia bayana kwamba anakwenda Yerusalemu, na kwamba huko kuna hatari, nao wakalia na kumsindikiza mpaka chomboni. Watu wa imani waliaga, wakasindikizwa, wakajulikana waendako. Kuondoka kwa kunyemelea ilikuwa desturi ya mtoro na mdaiwa, wala haikuwa desturi ya mtu mwenye haki.

Ama husuda, nakubali kwamba ipo, na nakubali kwamba hasidi hana sababu. Lakini naomba tuipime nguvu yake kwa mizani ya haki. Hasidi aliyeko hapa Barazani, Mang'ola, akijua kwamba ndege yako inaondoka Jumanne, hana awezalo juu ya ndege hiyo, wala juu ya ofisa wa viza, wala juu ya mwajiri aliyekwisha kutia sahihi mkataba. Lakini mama yako asipojua jina la mwajiri huyo, ujinga wake una nguvu kubwa juu ya maisha yako. Kwa kuwa siku utakapougua, au utakapofungiwa, au simu yako itakapochukuliwa, yeye ndiye mtu wa pekee duniani atakayehangaika kukutafuta, nawe umemwacha bila ya pa kuanzia. Tumemwogopa adui asiyeweza kutudhuru, na kwa woga huo tumemfunga mikono rafiki awezaye kutuokoa.

Tena tuulize siri hii inamfaa nani. Mtu wa kwanza anayemnong'oneza binti maneno ya usimwambie mtu, aghalabu si nyanya yake mwenye kuogopa macho ya watu. Ni yule mtu wa kati asiye na leseni wala ofisi, aliyekuja na sifa za mshahara mnono na tiketi ya bure. Mtu huyu ameikuta itikadi yetu imekwisha jengwa, akaifanya nyumba yake. Akiwa na shaka kwamba baba atauliza mkataba, humwambia binti kuwa baba ana kijicho. Akiogopa maswali ya Uhamiaji wa hapa kwetu, humvusha Namanga na kumpandisha ndege Nairobi, na binti huona kuwa hayo yote ni busara, kwa kuwa tangu utotoni amefundishwa kwamba safari njema ni safari ya siri. Bunge letu lilitunga Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu mwaka 2008, lakini sheria haiwezi kuingia katika nyumba ambayo wenyewe wamekwisha kula kiapo cha kunyamaza.

Na huko Uarabuni aendako anakutana na utaratibu wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa kafili wake, mwajiri aliyemdhamini, hata ikawa kuondoka bila ya idhini yake ni kosa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti juu ya Watanzania wafanyao kazi za nyumbani katika Oman na Falme za Kiarabu, baada ya kuwahoji wanawake 50, na wengi wao walieleza kwamba waajiri waliwanyang'anya pasi zao. Sisemi kwamba kila nyumba ya Maskati ni jela. Wapo waliokwenda wakatendewa kwa ihsani, wakarudi na kujenga nyumba za matofali ambazo tunaziona kwa macho yetu. Lakini yule aliyefikia mikono mibaya, pasi yake ikiwa kabatini kwa mwajiri, hana ushahidi mwingine wa kwamba yeye ni nani isipokuwa ule aliouacha nyumbani; na kama hakuacha kitu, amekuwa mtu asiye na jina katika nchi isiyo yake.

Mama mmoja wa kijiji chetu aliwahi kuniletea simu yake nimsaidie. Ndani yake mlikuwa na namba moja iliyoanza na 968, ambayo ni ya Oman, nayo ilikuwa haipatikani tangu majuma matatu. Nilimwuliza jina la tajiri wa mwanawe, akasema alimsikia mwanawe akimwita Baba Ahmed. Nilimwuliza mji, akasema ni Uarabuni. Nilimwuliza namba ya pasi, akanitazama kama mtu aliyeulizwa idadi ya mchanga wa Eyasi. Nilishika kalamu ili tuandike barua ya kuomba msaada, na karatasi ikabaki na mistari miwili, kwa sababu kila kitu ambacho kingejaza mstari wa tatu alikwenda nacho binti mwenyewe. Sikupata kumlaumu mama yule, wala sikupata kumlaumu mwanawe, maana wote wawili walitii yale tuliyowafundisha sisi.

Watu hudhani kwamba Serikali, kwa kuwa ni kubwa, inajua kila raia wake alipo. Haijui, wala haiwezi kujua. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 juu ya mahusiano ya kikonseli, katika ibara yake ya 36, umewapa maofisa wa ubalozi haki ya kumwendea raia wao aliyekamatwa ugenini, lakini haki hiyo yataka kwanza mtu aseme kwamba fulani, mwenye pasi namba fulani, yuko mahali fulani. Tanzania ina ubalozi Maskati na ofisi ya konseli Dubai, na milango hiyo iko wazi. Bali ufunguo wake ni habari. Hata hapa nchini tuliliona hilo: meli ya MV Bukoba ilipozama katika Ziwa Victoria tarehe 21 Mei 1996, abiria wa daraja la tatu walikuwa hawakuandikwa majina, na ndiyo sababu hata leo waliofariki hutajwa kwa kukadiria. Palipokosekana daftari la chombo, jamaa ndio waliokuwa daftari. Na yule ambaye hakumwambia mtu kwamba anapanda meli usiku ule, alipotea mara mbili.

Hapa atainuka mtu aseme kwamba kujulikana hakuzuii mauti, naye atasema kweli. Tarehe 7 Oktoba 2023 vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa Israel kwa mafunzo ya kilimo waliuawa, na habari zao hazikuwaponya. Mmoja alizikwa kwao mwezi Novemba mwaka ule ule. Wa pili, mwili wake ulizuiliwa Gaza hata Novemba 2025. Lakini wazazi wao walijua watoto wamekwenda nchi gani na kwa mpango upi, Wizara ya Mambo ya Nje ikawa na pa kuuliza, na msiba ule ukawa msiba wenye jina na hatimaye kaburi. Yupo mzazi katika nchi hii asiyejua kama aomboleze au asubiri. Simtakii mtu yeyote hali hiyo.

Sasa kitu gani kikabidhiwe? Ni vichache, navyo vinaenea katika bahasha moja: nakala ya ukurasa wa pasi wenye picha, nakala ya viza na ya tiketi ionyeshayo ndege itapita wapi, mkataba wa kazi au barua ya chuo, jina kamili la mwajiri na anwani na simu yake, jina la wakala na namba ya leseni yake, na simu ya ubalozi wetu ulio karibu na huko. Pasi ikipotea, nakala hiyo ndiyo itakayorahisisha kupatikana kwa hati ya dharura ya kurejea nyumbani. Zaidi ya hayo yafaa siku ya kupiga simu ijulikane, na muda wa kungoja ujulikane, ili kimya kikipita majuma mawili mtu asipoteze mwezi wa tatu akijifariji. Na neno moja lipatanwe ambalo msafiri akilitamka, hata mwajiri wake akiwa anasikiliza, jamaa wataelewa kwamba yuko taabuni.

Na akabidhiwe nani? Mwaminifu, awaye yote. Sisemi lazima awe baba. Yuko binti ambaye baba yake ndiye anayemkimbia, kwa ajili ya ndoa asiyoitaka, naye ana haki ya kumchagua mama mdogo, mwalimu, padri au sheikh. Anayeogopa hati zake kutumiwa vibaya na aigundishe bahasha, atie sahihi juu ya gundi, na aikabidhi mbele ya shahidi. Tena tukumbuke kwamba pasi yenyewe haikupatikana kwa siri: Uhamiaji huomba cheti cha kuzaliwa cha mwombaji, na cha mzazi au kiapo chake. Mzazi aliyefaa kuwa shahidi wa kuzaliwa kwako ameharibikiwa na nini hata asifae kuwa shahidi wa safari yako?

Lakini nikiwaambia vijana peke yao nitakuwa nimedhulumu. Sisi wazazi, wajomba na mashangazi tuna sehemu yetu ya lawama, maana kijana akitwambia anasafiri tunaanza na haja zetu, na akirudi mikono mitupu tunamcheka. Tumemfundisha kwamba habari zake kwetu ni deni, ndipo akaona afadhali kunyamaza. Mzee aambiwaye habari ya safari na aseme dua, aulize jina la mwajiri, aulize nani amesoma mkataba, kisha anyamaze. Na viza ikikataliwa asipate mtu kujua kwamba ilikuwa imeombwa. Siku tutakapojua kuitunza amana, watoto wetu hawatatuficha.

Watu wa Mang'ola tunalijua jambo hili kwa upande wake wa pili. Mashamba yetu yamejaa vibarua waliotoka mikoa ya mbali, na kibarua akifariki katikati ya mavuno bila ya kuacha jina la kwao, mwenyekiti hupekua mifuko yake na simu yake akitafuta namba iliyoandikwa mama, au kaka, au yoyote, ili pasizikwe mtu ambaye wenyewe hawajui. Tunaposimama juu ya kaburi la namna hiyo husikitika, tukasema laiti angalimwambia mtu. Maneno hayo na tuyaseme mapema, nyumbani kwetu, mbele ya mtoto wetu, ilhali begi lake bado halijafungwa.