Profesa wa PR aliyeanzia kwa wakulima

Siku hizi ukitaka kumzima mtu mtandaoni unasema tu, "hiyo ni PR." Gavana akipigwa picha akila mahindi choma na wananchi: PR. Kampuni ikipanda miti siku moja: PR. Na mara nyingi tuko sawa. Lakini kuna profesa mmoja Mmarekani, James Grunig, ambaye kila msee anayesomea mahusiano ya umma atakutana na jina lake, na kazi yake yote ilikuwa kupinga hiyo maana.

Jamaa hakuanzia kwa matangazo. Alisomea uandishi wa habari za kilimo pale Iowa State, akafanya uzamifu Wisconsin, na utafiti wake ukampeleka Colombia miaka ya sitini kuangalia vile wakulima hufanya maamuzi. Wataalamu wengi walikuwa wanasema wakulima wadogo hawasongi mbele kwa sababu wameng'ang'ania mambo ya kale. Yeye akaona shida iko kwa mashirika yenyewe. Yalijua kuongea, kusikiliza hayakujua.

Mimi naona mengine yote yalitoka hapo. Mwaka wa 1984, akifundisha Chuo Kikuu cha Maryland, yeye na Todd Hunt walitoa kitabu Managing Public Relations, wakaigawa PR mara nne. Kuna ya kutafuta kiki. Kuna ya kutoa habari tu. Kuna ya kuuliza watu maoni ndio ujue utawabembeleza vipi (hii ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu inafanana sana na kusikiliza). Ya nne, mnaongea na kila upande uko tayari kubadilika. Baadaye aliongoza utafiti mkubwa uliofadhiliwa na IABC, chama cha kimataifa cha watu wa mawasiliano, ukafikia mashirika zaidi ya 300 Marekani, Kanada na Uingereza. Mkewe Larissa, profesa wa PR pia, alikuwa kwenye timu. Jambo moja walilosisitiza: mtu wa mawasiliano awe mezani maamuzi yakifanywa, asiitwe tu moto ukishawaka.

Kuna wasomi waliomwambia anaota. Mwenye pesa na mawakili atabadilika kwa nini? Hilo swali ni la haki, na sidhani alilimaliza. Lakini angalau alitupa kipimo.

Kitumie hapa kwetu. Mswada wa Fedha wa 2024 uliitishiwa maoni ya umma, watu wakayatoa. Juni 25 vijana bado walikuwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake Rais akakataa kuutia sahihi. Julai 5 ndipo akaingia X Space kujibu maswali ya vijana moja kwa moja.

Wako walioyasifu sana yale mazungumzo. Yangefanyika Mei, mswada ukiwa bado unaweza kuandikwa upya, hata mimi ningeyaita ile PR ya nne. Yalikuja watu wakiwa wameshaanza kuzika.