Chumba cha paundi 40

Binti yangu ana miaka 13, na tangu tuhamie Barking hajawahi kumleta rafiki nyumbani. Nilidhani ni aibu za umri. Kumbe ni chumba chake: kuta nyeupe tupu, kitanda cha chuma, na masanduku mawili ya safari yaliyokaa kona ile ile tangu tuliposhuka na ndege. "Mama, kama wodi ya hospitali," aliniambia. Nikampa paundi 40 na Jumamosi zangu mbili.

Sharti lilikuwa moja: hakuna msumari. Katika nyumba yetu ya kwanza mwenye nyumba alikata diposi yetu kwa ajili ya matundu manne ukutani, nami sikuwa na picha ya kuonyesha tuliikutaje. Mliopanga, siku ya kupewa funguo pigeni picha kila ukuta. Hapa England diposi haipaswi kuzidi kodi ya wiki 5 kwa nyumba ambayo kodi yake ya mwaka haifiki paundi 50,000, na lazima iwekwe kwenye mpango wa ulinzi uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30. Ulizeni iko wapi.

Niliposema tunakwenda maduka ya hisani, binti alinuna. "Mitumba?" Ndiyo, mitumba! Nguo nilizosomea nilizinunua Karume, Dar es Salaam, na mitumba mingi inayofika kule ni ile iliyoshindikana kuuzwa kwenye maduka kama haya, ikafungwa marobota. Leo tumefika kwenye chanzo cha mto, tunachagua kabla ya wengine.

British Heart Foundation wana maduka makubwa ya samani na vifaa vya umeme. Mimi hupenda zaidi soko la Deptford, upande wa Douglas Way, ambako vitu hutandazwa chini kama nyumbani. Linakuwapo Jumatano, Ijumaa na Jumamosi. Nendeni wakikaribia kufunga, muuzaji hapendi kurudi na mzigo. Wanafunzi, ninyi mna bahati ya Juni: wenzenu wanaohama huacha meza na taa, na nyingine hutolewa bure Freecycle.

Tulirudi na kiti cha mbao cha paundi 5 chenye mguu uliolegea. Gundi ya mbao, kamba ya kukaza usiku kucha, asubuhi msasa mwepesi na rangi ya kijani. Sasa ndicho meza ya kando ya kitanda. Lakini angalieni: samani za zamani sana zenye rangi inayobanduka msizipige msasa, kwani rangi za kale ziliwekwa madini ya risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto. Taa ilikuwa paundi 4, kutoka duka linalopima umeme kabla ya kuuza. Kwenye plagi nilikuta fyuzi ya ampea 13, nikaweka ya 3 inayotosha taa. Pazia, paundi 10, zilifuliwa kwa nyuzi 60 kabla hazijaingia chumbani. Joto hilo linaua kunguni. Godoro la mtumba sinunui, hata nikipewa bure.

Kilichobadilisha chumba ni fremu kubwa ya picha, sentimita 100 kwa 70, paundi 8. Tulitoa kioo, ili ikianguka isimkate mtu, tukavuta kanga juu ya ubao wa nyuma. Hapo tukakwama: kanga ni pana kuliko fremu, huwezi kupata pindo zote na mji na jina. Tulikunjia pindo za pembeni nyuma, tukabana kwa selotepu pana, tukaacha jina lisomeke chini. Hatukuikata. Yale masanduku tuliyalaza moja juu ya jingine, tukayafunika kwa kanga ya pili ya doti hiyo, na fremu ikasimama juu yake, imeshikwa ukutani na vibandiko vinavyobanduka bila kung'oa rangi.

Doti yenyewe ilitoka kwa mama yangu, Tanga. Katika zote sita binti alichagua hiyo kwa rangi yake, na jina lake sitaliandika hapa, ni fumbo la wake wenza. Nilijaribu kumbadilishia mawazo. Akampigia bibi yake simu kuuliza maana. Walizungumza dakika 40, kwa Kiswahili, jambo ambalo sikumbuki kuliona.

Jumamosi iliyopita walikuja wasichana watatu. Nikiwa jikoni nakaanga maandazi niliwasikia wakiuliza pale ukutani pameandikwa nini. Binti akawaeleza, akimwigiza bibi yake sauti na kikohozi. Paundi 3 zilizobaki ndizo zilizonunua maziwa ya chai yao.