Yoga, Uhindu na Swali la Mgonjwa

Mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu anaposhauriwa kufanya yoga, yamkini swali lake la kwanza lisihusu uti wa mgongo. Huuliza kama jambo hilo ni ibada. Jibu jepesi la kliniki ni kwamba yoga ni mazoezi tu na haihusiani na dini yoyote. Jibu hilo lina nia njema, ila limepungukiwa ukweli, na mgonjwa atakayegundua kuwa amefichwa jambo linalogusa imani yake hatakuwa na sababu ya kuamini anayoambiwa kuhusu mgongo wake.

Historia haimruhusu daktari kujibu kwa mkato namna hiyo. Yoga Sutra ya Patanjali, ambayo wataalamu wengi huiweka katika karne za mwanzo za Baada ya Kristo, ina aya fupi zipatazo 195. Zinazozungumzia mkao wa mwili ni chache mno, nazo hutaka tu mkao uwe thabiti na usio wa taabu. Zilizobaki zahusu kuituliza akili na kuikomboa nafsi. Wabudha na Wajaini nao walikuwa na njia zao za yoga, hivyo Uhindu si mmiliki pekee. Lakini kudai kwamba urithi huo hauna dini ndani yake ni kuufuta.

Hata hivyo, kinachofundishwa leo kumbini si Patanjali. Hatha Yoga Pradipika ya karne ya 15 inaeleza mikao 15 tu, mingi ikiwa ya kuketi. Mfululizo wa mikao ya kusimama na kuinama unaojulikana sasa ulipata sura yake hasa katika miaka ya 1930, T. Krishnamacharya alipofundisha vijana katika jumba la kifalme la Mysore. Hapo ndipo walipopita B. K. S. Iyengar na K. Pattabhi Jois, walioieneza duniani. Mtafiti Mark Singleton, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alidai kuwa jimnastiki ya Ulaya iliacha alama kubwa katika mikao hiyo. Wapo wanaoona ametia chumvi, lakini hakuna anayeweza tena kusema kuwa kila mkunjo wa kiungo umetoka katika maandiko ya kale.

Ndiyo maana mamlaka mbalimbali zimefikia uamuzi tofauti. Mwaka 2008 Baraza la Taifa la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga iliyochanganyika na nyimbo za ibada. Huko Encinitas, California, mahakama iliamua mwaka 2013 kwamba yoga ina mizizi ya kidini, lakini somo la shule zilizoshtakiwa halikuwa la dini. Rufaa ikathibitisha mwaka 2015. Alabama, iliyopiga marufuku yoga katika shule za umma mwaka 1993, iliiruhusu mwaka 2021 kwa sharti la kutotumia mantra. Nao Wahindu wa Marekani, kupitia Hindu American Foundation, wamelalamika kinyume chake: kwamba urithi wao unauzwa bila kutajwa jina. Ajabu ni kwamba wanaokataza na wanaolalamika wote wanakiri uhusiano upo. Anayeukana ni daktari.

Wala hana haja ya kuukana. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2017, yaliyojumuisha majaribio 12, yalionyesha kuwa yoga huleta nafuu ndogo hadi ya wastani ya utendaji wa mgongo ikilinganishwa na kutofanya mazoezi. Hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inayashinda mazoezi mengine ya mgongo. Basi anayeikataa kwa sababu ya dhamiri hapotezi kitu kikubwa: apelekwe kwa mtaalamu wa fiziotherapia, bila kubezwa. Anayeikubali aambiwe mapema kwamba baadhi ya madarasa hufunguliwa kwa kuimba “Om”, na kwamba ana haki ya kunyamaza au kuchagua darasa jingine. Aulizwe pia kuhusu macho yake, kwa maana kusimama kwa kichwa huongeza shinikizo la ndani ya jicho hadi takriban maradufu, na mwenye glaukoma hapaswi kuligundua hilo akiwa tayari juu ya mkeka.