"Did you went" si dhambi, wasee

Wasee wa Kayole, Umoja na Dandora, tuambiane ukweli. Hapa mtaani mtu akisema "did you went" anachekwa wiki nzima. Mbona?

Cheki Kiswahili. Jana ni -li- tu: nilienda, nilikula, nilikata. Swali pia, "ulienda?", hakuna kitu imebadilika. Sasa ingia kwa ngeli: "go" inakuwa "went", "eat" inakuwa "ate", "cut" inabaki "cut". Ukiuliza, "did" inabeba hiyo jana peke yake, so "went" inarudi kuwa "go". Mwenye alisema "did you went" anajua ni jana, ameiweka tu mara mbili.

Na Katiba ya 2010 inasema Kiswahili na Kiingereza zote ni lugha rasmi. Lakini ukisema "kitabu yangu" hakuna mtu anacheka, si ndio?

Huyo mnamcheka leo, kesho kwa mahojiano ya kazi atanyamaza, na jibu alikuwa nalo. Mtu akikosea, mwambie "did you go" polepole, kisha story iendelee.